Skuma Yako Imekunywa Maji Gani?

Siku ya kwanza niliuliza hilo swali, nililalia strungi.

Ilikuwa saa moja jioni, giza inaingia, na mimi niko kwa kibanda ya mboga huku Kayole na mbao yangu mkononi. Mathe alikuwa anakatakata skuma na ile spidi yao, kisu inapita karibu na kidole na haigusi, macho yake yako kwa barabara anagotea wapita njia. Hizo skuma zilikuwa zimeshiba, manze. Jani moja ingefunika sahani na ibaki ya kufuta mdomo. Sijui nini ilinishika, nikajipata nimesema, "Mathe, hii skuma imekunywa maji gani?"

Kisu ikasimama.

"Unasema?"

"Nauliza tu imelimwa wapi."

"Wewe kijana, umekula kwangu miaka ngapi? Umewahi endesha?" Wasee wawili wa nduthi walikuwa nyuma yangu, wakaangua kicheko. Mathe akanirudishia mbao yangu na vidole viwili, kama mtu anashika panya aliyededi, akaita kastoma mwenye anafuata. Nikaishia keja nikachemsha majani chai bila maziwa, nikalala.

Lakini hilo swali halikutoka hewani. Wiki hiyo hiyo beshte yangu wa nduthi alikuwa amenibeba tukaenda upande wa Njiru kuchukua mzigo. Tukapita mahali kuna mashamba ya skuma, kijani kibichi, na ilikuwa Januari, jua imechoma kila nyasi huko nje hadi ikawa rangi ya mkate. Nikamuuliza, hawa wanatoa wapi maji na bomba zetu zimekauka tangu Krismasi? Akanishow na kidevu. Kando ya shamba, mfuniko wa manholi ulikuwa umeng'olewa. Paipu imezibwa na magunia ya mchanga, maji taka inapanda, inamwagika kwa mtaro, inaingia kwa skuma polepole kama mgeni ameshazoea nyumba.

Hii si siri, na si mimi nimeigundua. Watu wa utafiti wamekuwa wakiandika kuhusu kilimo ya maji taka hapo Maili Saba na Kibera tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Na ukifikiria kama mlimaji, hesabu yake iko sawa kabisa. Hayo maji ni ya bure, yanakuja hadi kiangazi, na yamekuja na mbolea yake ndani. Ndio maana jani inafura hivyo. Siwachukii hao wasee, ni hastla kama sisi. Lakini hebu tuambiane ukweli. Mayai ya minyoo na viini vya kuendesha, moto ya sufuria itamaliza, bora uchemshe vizuri. Noma iko kwa ile ingine: risasi, kadimiamu, yale madini yanashuka kutoka kwa magereji na viwanda hadi kwa mto na kwa mitaro. Hayo mmea unayanyonya, yanakaa ndani ya jani. Hayatoki na chumvi, hayatoki na maji moto, na huwezi kuyaona na macho.

Sasa unaeza sema, si ninunue tu mboga kutoka mbali? Hapo ndio nilikaa chini nikafikiria, na nikaona ujanja wa hii maneno. Kitunguu inaeza toka Tanzania ikae kwa gunia wiki mbili na bado ikutoe machozi. Kabichi na waru zinashuka na lori kutoka Kinangop, nyanya zinatoka Loitokitok, zinafika Marikiti usiku wa manane na hazina presha. Skuma nayo ikikatwa asubuhi, jioni imelegea kama mtu ametoka disko. So skuma ya Nairobi, nyingi yake, lazima imelimwa karibu na Nairobi. Na ukiwa karibu na Nairobi na huna kisima, maji yenye iko ni gani? Jijibu mwenyewe.

Ndio nikapanda juu kabisa ya ploti, pale kwa kamba za nguo, kuangalia kama kuna nafasi.

Kulikuwa na gunia moja huko, masalio ya 2020. Unakumbuka enzi ya corona, serikali ilitangaza bustani milioni moja za jikoni? Kuna mathe wa ghorofa ya tatu alichangamka akapanda dania, halafu akahama. Gunia ikabaki, ikageuka jalala ya maganda ya waru. Nikaishika kama urithi.

Gunia si stori mpya kwa hii city. Baada ya ile vita ya uchaguzi ya 2007 na 2008, Kibera ilikuwa imekatwa na chakula. Reli imeng'olewa, maduka yamechomwa, bei iko mawinguni. Hapo ndio shirika moja la Wafaransa, Solidarités, likaanza kusukuma maneno ya kulima kwa gunia mlangoni, Kibera na Mathare. Watu wa mtaa wakaona inaeza, wakaichukua wakaifanya yao. Mwaka huo huo wa 2008, mayut wengine wa Kibera waliosare maisha ya ukora walisafisha jalala karibu na reli wakaigeuza shamba ya oganiki, wakishikwa mkono na Su Kahumbu, yule mrembo wa kilimo mwenye baadaye alileta iCow kwa simu za wakulima. Kitu ilinibamba kwa hiyo stori ni moja tu. Kabla wajiamini na udongo wa jalala, waliupima, halafu wakapanda alizeti, juu alizeti inajulikana kunyonya madini mabaya. Yaani hilo swali langu, wao walijiuliza.

Mimi sikujiuliza. Gunia yangu ya kwanza nilijaza mchanga wa mjengo wenye ulikuwa umemwagwa nje ya ploti. Bure, si ndio? Skuma zikageuka manjano, zikasimama hapo wiki tatu bila kukua na bila kufa, kama mtu amekataliwa na dem na bado anangoja hapo nje. Huo mchanga ulikuwa umejaa simiti. Gunia ya pili nikaskia ati mbolea ya kuku ndio moto. Kweli ni moto. Niliitoa kwa banda ikiwa bado mbichi, nikaiweka siku hiyo hiyo, na kufikia Jumapili miche yote ilikuwa imeungua mizizi. Hakuna mtu alinishow ati mbolea ya kuku lazima ioze kwanza, uifunike, uigeuze, uisahau hadi iache kunuka.

Hapo ndio nikapigia Kukhu simu. Kukhu ni shosh, kwa wale hamjapita Western. Nikamweleza shida zote, akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Baba," akasema, "unalima juu ya nyumba?"

"Ndio, Kukhu."

"Na watu wanalala chini?"

"Wanalala chini."

Akacheka hadi akakohoa. Halafu akanipatia maagizo kama daktari. Mbolea ya mbuzi, iliyokaa. Udongo mweusi, si ule mwekundu wa kujengea. Jivu nisimwage, niweke. Kukhu hajawahi ona shamba ya gunia maisha yake yote, lakini hakuna kitu alinishow ilikuwa ya uongo.

Gunia ya tatu ndio ilishika. Unachukua ile gunia ya kilo tisini, unaikunja midomo. Udongo mbili kwa mbolea moja, unachanganya na mikono, wachana na glavu. Halafu inakuja ile siri yenye ukiruka umeisha. Unatafuta mkebe wa kilo mbili, ile gorogoro ya kupimia mahindi, unaitoboa juu na chini ibaki kama paipu. Unaisimamisha katikati ya gunia, unaijaza mawe madogo. Unamwaga udongo kando yake ukiizunguka, ukifika juu unaivuta, unajaza mawe tena, unaendelea hivyo hadi gunia ijae. Mwishowe uko na nguzo ya mawe katikati, kutoka chini hadi juu. Maji ukimwaga hapo inashuka, inasambaa kila upande. Bila hiyo nguzo, huku juu inakuwa matope na huko chini ni Turkana. Ndio unatoboa mashimo pembeni, kwa kupishana, unaingiza miche. Yangu ilibeba kama arobaini, zingine juu, zingine kando, hadi gunia ikakaa kama msee ameotesha nywele mwili mzima. Baada ya wiki tano hivi nilichuma majani ya kwanza. Ya chini kwanza, ya juu unaiacha, nayo inaendelea kupanda.

Maji nayo. Bomba yetu inakuja mara mbili kwa wiki, ikiamua. Siku zingine tunanunua mtungi wa lita ishirini na ashu, kiangazi inafika mbao. So hizo skuma zangu zinakunywa maji ya kununua, kama madosi. Maji ya kuosha mchele na mboga haimwagwi tena, inapanda ngazi. Ya sabuni hapana. Nilijaribu mara moja kuzichanganya, zikanijibu vibaya.

Keteka alikuja siku moja kunishow ati maji inashuka kwa ukuta na landilodi akiona ni ngori. Nikaweka beseni chini ya kila gunia, nikamkatia skuma ya jioni. Hajawahi rudi na hiyo stori. Wadudu wale wadogo wa kijivu walikuja pia, wakajipanga chini ya majani kama watu wa laini ya huduma. Jivu ya Kukhu ikawatoa. Wezi ndio jivu haikuwatoa. Kila asubuhi nilikuwa napata gunia imenyolewa upande mmoja. Nilikuwa nimeshaanza kulala na rungu akilini, halafu nikaamua kufanya kitu ingine. Nikagonga milango ya majirani, nikawauliza nani anataka gunia yake. Sahi tuko sita huko juu, tunajiita Mbogi ya Mboga, na wizi imeisha, juu yule alikuwa anaiba sahi ako na gunia tatu. Simtaji. Anajijua.

Kuku tuliogopa kuleta, juu mwewe wa hii city ni wezi kuliko jirani. Shujaaz, ile komiki ya Sheng ilianza 2010, iliwahi kuchora stori ya kupaka vifaranga rangi kali ili mwewe wachanganyikiwe wasivibebe. Watoto wa ploti bado wananisumbua na hiyo stori. Labda siku moja.

Sasa kuna parseli ilikuja kutoka ushago na basi ya usiku. Chupa ya Blue Band imefungwa na karatasi ya nailoni, ndani kuna mbegu za mrenda, za kunde, za saga na za managu, kila moja kwa fundo yake ya kitambaa. Kukhu amekuwa akiweka hizo mbegu tangu kabla mathe wangu azaliwe. Anachagua mmea wenye umeshinda wengine, anauacha uzeeke shambani, anakausha mbegu juu ya moto wa jikoni. Anagawia jirani, jirani anamgawia.

Kumbe kwa miaka yote hiyo Kukhu alikuwa gangsta. Sheria ya mbegu, vile ilibadilishwa 2012, ilisema ukiuza ama ukibadilishana mbegu hazijasajiliwa, unaeza dungwa miaka miwili jela ama faini ya hadi milioni moja. Milioni, buda, kwa fundo ya mrenda! Wakulima wadogo walienda korti 2022, na mwisho wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema hayo maneno yanaenda kinyume na katiba. Nilimpigia Kukhu kumwambia sahi ako huru. Akaniuliza, "Kwani nilikuwa nimeshikwa lini?"

Hizi mboga za kienyeji, wengi wetu tulizikimbia. Mrenda tuliiita kamasi. Managu ilikuwa ya watu wa ushago, saga ni chungu, leta kabichi. Na kuna wakati hata shuleni vitabu vya kilimo viliziweka pamoja na magugu. Mwenye aligeuza hii meza kuliko wengi ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT. Akiwa mtoto mwili wake ulikataa nyama, samaki, mayai na maziwa, so akakulia kwa hizo mboga, halafu akazisomea maisha yake yote. Akapima, akaandika, akafundisha wakulima kutoa mbegu nzuri. 2010 Umoja wa Afrika ukampa tuzo ya sayansi. Ukweli wenyewe ni kwamba managu, saga na terere zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kuliko hiyo kabichi yako, na terere unaanza kula baada ya wiki tatu ama nne. Hakuna skuma inaeza hiyo mbio.

Jumapili ya kwanza kuchuma mrenda niliita mbogi. Kukhu alikuwa ametuma pia musherekha, ile chumvi ya maji inatolewa kwa jivu ya maganda ya maharagwe. Unaiweka kidogo tu kwa maji ya moto, unatumbukiza mrenda na kunde pamoja, unakoroga, usifunike sufuria kama unataka ibaki kijani. Dakika chache tu. Omena kando imekaangwa hadi imelia. Ugali ya posho mill, ile ya rangi ya vumbi, bado iko na maganda yake. Beshte wa nduthi aliangalia ile mrenda ikivutika kutoka kwa kijiko, akasema hawezi. Akaonja na kidole. Akaonja na tonge. Halafu akanyamaza, na msee wa nduthi akinyamaza ujue kuna kitu imefanyika. Kunde ilikuwa imechumwa dakika ishirini zilizopita, ngazi moja juu ya meza. Iko na utamu wenye kwa kibanda haupatikani, hata ukilipa, juu huo utamu unapotea njiani.

Doh? Nisikudanganye. Wale wa YouTube wanakushow ati gunia kumi utaomoka ununue ndae. Gunia, udongo, mbolea na miche zilinitoka kama punch kwa moja. Nikitoa na maji, naokoa labda mbao kila siku mbili. Hiyo si kuomoka. Hiyo ni kupumua kidogo, na kujua umekula nini.

Na huko juu ya ploti tuko na bahati. Wenye walikuwa wanalima kando ya mto, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwabebea kila kitu, halafu serikali ikaja na tingatinga ikisema mita thelathini kutoka kwa maji mtu asionekane. Nairobi iko na sheria ya kilimo mjini tangu 2015, inakubali kwamba mtu wa city anaeza lima. Lakini sheria haikupatii mahali pa kuweka jembe. Mwenye hana shamba na hana ghorofa ya juu, anabaki na manholi. Hapo ndio nataka wakubwa wa City Hall waangalie, kabla hawajatuma kanjo kukatakata skuma za mtu.

Kwa mathe wa kibanda nilirudi, of kos. Mrenda haiwezi kuliwa wiki nzima, na nyanya sijapanda. Nilimpelekea terere, nikaomba msamaha venye niliuliza mbele ya watu. Akashika yale majani, akayageuza, akanusa. Halafu akanishow kitu yenye sikuwa nimefikiria. Yeye mwenyewe hajui. Ananunua saa kumi usiku, giza, kwa broka, na broka amenunua kwa mwingine. Za kisima ziko, kuna mzee wa huko Kangundo Road anazo, lakini ni bei.

"Hizo nikibeba nitauza bunda thelathini. Wewe ulikuja na mbao. Nani atanunua? Zitanikaukia hapa, na watoto wangu wale nini?"

Sikuwa na jibu. Tukakubaliana akibeba za kisima, sisi sita wa Mbogi tutanunua za thelathini kila Jumanne na Ijumaa, siku gunia zetu zimepumzika. Sahi wenye wananunua hizo za kisima wamekuwa kumi na wanne. So hata wewe muulize wako, lakini muulize polepole, watu wakiwa wachache, na ukishauliza nunua.

Mbegu za mrenda nikonazo, chupa imejaa. Kama uko pande za Kayole kuja na fundo yako nikugawie, Kukhu amekubali. Lakini kwanza nishow utaimwagilia maji gani.